Kiraka cha Hando la Hawe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Picha ya vazi la Tufani imevuja! Miezi yote hii kwenye grupu yetu ya mashabiki tunabishana: shujaa wetu wa tamthilia mpya atavaa ngozi, atavaa chuma, atavaa joho. Nikamwacha mteja saluni amesukwa nusu kichwa, nikaenda kuitazama chooni. Kumbe kavaa hando. Hando letu la Kigiriama, marinda meupe yamejaa kiunoni, na tamthilia yenyewe itaonyeshwa nchi nzima Disemba. Nilitaka kupiga kigelegele.

Kisha nikaivuta picha karibu. Ubavuni kuna kiraka cha buluu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Hando la Hawe. La bibi yangu, mzaa baba!

Jioni nimemkuta kaka yangu Baya anakula, nikamwekea simu mbele ya sahani. Hata hakukana. Ati watu wa filamu wako Bofa, walitaka hando la zamani, si haya mapya ya kuchezea watalii. Kawaazima tu. Nao wamempa nafasi: atapita nyuma ya Tufani sokoni, amebeba tenga la samaki. Hawe anajua? Akasema nisipige kelele, kalala.

Na Jumamosi binamu yetu Sidi anaolewa Kakuyuni. Hawe ameshasema ataingia na hando lake. Baya anajua, mjinga huyu.

Jumanne, 7 Oktoba

Maneno ya leo grupuni kuhusu kiraka: ni tundu la risasi. Ni ramani ya kaya, msitu wetu mtakatifu. Ndipo nguvu za Tufani zinapoingilia, kikibanduliwa anakufa. Mmoja kachora na mishale.

Nikashindwa kunyamaza. Nikaandika: Baya alipokuwa mtoto alishika moto jikoni, mgongoni. Hawe akalivua hando kiunoni, mbele za watu, akamfunika nalo akauzima. Likaungua, akalitia kiraka. Basi. Risasi gani?

Wakanicheka. Leta ushahidi. Bibi yako naye anapaa kama Tufani? Japheth, admini wetu wa Nairobi, asiyeijua hata Mtwapa, kasema natafuta umaarufu. Akaniondoa. Mimi, niliyeingia grupu ikiwa na watu wanane. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Ushahidi uko mgongoni mwa Baya, na shati havui hata akienda kuogelea.

Jumatano, 8 Oktoba

Hawe kauliza hando, alianike kabla ya harusi. Nimesema liko kwa dobi. Akasema, tangu lini hando likaenda kwa dobi? Nimemdanganya mtu mzima kwa ajili ya Baya. Kama kuna laana, imshukie yeye.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mashabiki wamepiga kura kwenye ukurasa wa tamthilia. Kiraka kinachusha, shujaa hawezi kuvaa kama ombaomba. Na wenye tamthilia wametangaza: tumewasikia, kinatolewa, patawekwa alama ya tufani inayong'aa. Wale wa risasi na ramani ndio wa kwanza kushangilia. Wanafiki wakubwa.

Nimefunga saluni, nimemburura Baya mpaka Bofa. Getini katoka dada wa mavazi, Mueni. Mpole. Asingekuwa mpole ningemrukia. Hando haliwezi kutoka mpaka wamalize kupiga picha, mwisho wa mwezi. Kiraka? Washakitoa. Akaniuliza mbona nalia kwa kitambaa kile, akasema ataangalia kama hakijatupwa. Baya anatazama viatu vyake tu. Nikampiga kofi la bega mbele ya askari wa geti.

Jumamosi, 11 Oktoba, asubuhi

Harusi ni leo. Na leo hii hii ndiyo zamu ya Baya kupigwa picha, gari limemfuata, liko nje. Kaingia kwa Hawe na shati jeupe walilompa. Lisiwe na doa, ndiyo amri. Mkononi kashika kiraka ndani ya kipande cha gazeti. Mueni alikiokota.

Akapiga magoti akasema yote. Mimi mlangoni nangoja matusi, nimeyangoja wiki nzima. Hawe hakutukana. Alikigeuza kiraka huku na huku, akaniuliza uzi mwekundu uko wapi. Kisha akamwambia Baya, vua shati.

Baya kanitazama. Kavua.

Sasa amekaa sakafuni, mgongo umenielekea, kovu lote wazi. Hawe anakishona kiraka kwenye lile shati lao, mgongoni, katikati. Kashona upande mmoja. Macho yake si mazuri, anakwenda polepole. Baya angeweza kusema ni shati la watu, watamfukuza. Anamshikilia pindo lisikunjike. Dereva kapiga honi mara ya pili.

Hawe kaniita nimtilie uzi kwenye sindano. Nimemwambia angoje, naandika. Bado nina hasira. Baya kaichukua sindano, anajaribu yeye, uzi unapita pembeni. Honi tena.