Hodi Uliyoifuta kwenye Mashine Kumi na Mbili

Mtani wangu Festo,

Kamwene. Nakusalimu kwa Kihehe chenu usije ukasema Msukuma hana adabu. Mimi huku Mbeya ni mzima, nanenepa, na Mwanjelwa nzima bado inaniita fundi. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu hupokei, na kwa sababu kuna watu wengine ambao lazima nao wasome.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuja dukani kwangu na kompyuta ya chuo iliyomwagikiwa chai, umevaa koti kama mchungaji wa usharika. Ulipotaja kwamba kwenu ni Iringa nikapaza sauti, "Jamani, fungeni mbwa wasije wakaliwa, Mhehe ameingia!" Wewe hata jicho hukupepesa: "Na nyie ficheni ugali, naona Msukuma hajashiba." Duka zima kicheko. Wazee hubishana kama Wasukuma na Wahehe ni watani halali au la. Sisi hatukuwasubiri wamalize. Tangu siku ile ulikula chakula changu bila kukaribishwa, ukavaa kofia yangu ukaondoka nayo. Mimi nami nikaja kwenu nikamkamata jogoo wa mama yako, yeye mwenyewe akinitukana huku anacheka machozi. Ndivyo utani ulivyo. Mtu anakuchukulia kitu mbele ya macho yako, na unacheka kwa sababu unamwona.

Wasiotujua waelewe: mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani hadi Usangu, nikakulia nyuma ya mikia yao karibu na Madibira. Shule niliacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ilinichoka. Lakini nimekuwa utingo wa malori mpaka Lusaka na Lubumbashi, nimebishana na maofisa wa mpaka kwa lugha nne na zote nikashinda. Kompyuta yangu ya kwanza niliifungua Ndola, nikaifunga skrubu tatu zimebaki mkononi, na ikawaka. Profesa gani ameweza hilo?

Chumba cha nyuma cha duka langu ndimo ilimo seva yetu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kompyuta moja kubwa, kwa programu fulani ya bure, inaweza kugawanywa ikawa mashine pepe kumi na mbili. Ni nyumba ya kupanga: jengo moja, vyumba kumi na viwili, kila mpangaji ana mlango wake na anajiona yuko peke yake duniani. Chumba cha kwanza chako, cha mwisho changu, kumi vya watu: wakulima wa mpunga Madibira, wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, na wengine waliotuamini na madaftari yao. Programu ile ilijua kuwasha chumba, kukizima na kukinakili. Kumwambia mpangaji afanye hiki au kile humo ndani, haikujua. Kila marekebisho tuliingia kimoja kimoja, nywila kumi na mbili, mpaka vidole vikaota sugu.

Jumamosi moja tukila chipsi nikakwambia, "Mtani, kwetu hakuna mchungaji anayemnong'oneza kila ng'ombe sikioni. Anapiga mluzi mmoja, kundi zima linageuka."

Ukaacha kutafuna. "Rudia."

Nikarudia, na mluzi nikaupiga kabisa. Mpishi akadhani namwita, akaja mbio.

Wiki tatu uliandika, mimi nikichemsha chai na kuuliza maswali ya kijinga, ambayo mawili kati yake yalikuwa na akili, ulikiri mwenyewe. Tukaiongezea programu ile kitu chetu: ndani ya kila mashine kijumbe kidogo kinachosikiliza, na kwenye seva, katika chumba chako, kisanduku ambamo unaandika amri yoyote uitakayo. Unaandika mara moja, zote kumi na mbili zinatii. Tukauita Mluzi. Siku Mluzi ulipokubali kufanya kazi nilikubeba mgongoni mpaka barabarani.

Halafu tukafanya lile kosa. Tuliamuru mashine zote zizime na kuwaka upya, saa tano mchana, bila kumwambia mtu. Kule Madibira Mama Rehema, katibu wa wakulima, alikuwa ameingiza magunia ya watu tangu asubuhi, na foleni bado iko mlangoni. Kazi yote ikapotea. Akapiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Wanangu, hata mwizi husikiliza kwanza kama kuna mtu ndani."

Nilisafiri kesho yake kumwomba radhi. Nilimpa mkono na neno langu, kwamba hakuna atakayeingia tena kwenye mashine yake bila kubisha hodi. Niliporudi nikakuwekea sharti. Kabla ya amri yoyote, Mluzi uandike kwenye skrini ya mwenye mashine: hodi, ni fulani, nataka kufanya jambo fulani. Asipojibu karibu, amri ikae nje. Hodi ziwe tatu. Ya tatu isipojibiwa, amri irudi ilikotoka, kama mtu mwenye akili zake.

Ulilalamika. "Mtani, dunia nzima hakuna seva inayopiga hodi."

"Basi dunia haikulelewa," nikakujibu.

Ukacheka, ukaandika. Na watu walipenda, Festo! Mama Rehema alikuwa akibonyeza karibu huku anasema "karibu mwanangu" kwa sauti, yuko peke yake ofisini.

Kisha kampuni moja ya kompyuta ya Iringa ikauona Mluzi, ikakuita muusambaze pamoja. Nilikushonea suti. Ulinipigia kutoka huko umechangamka: wameupenda, ila hodi inawachelewesha, na wanataka mwenye cheti. Ukasema, "Wewe ungewaambia nini, mtani? Kwamba ulisomea zizini?"

Nikacheka. Nilicheka siku mbili nzima kabla sijajua kuwa hukuwa unatania.

Siku ya tatu asubuhi nilifungua duka, nikaandika jina langu kwenye Mluzi, nao ukanijibu kuwa haunijui. Kabla sijakaa sawa, simu ya Mama Rehema: "Mwanangu, mbona leo mmeingia bila hodi? Na jina lako silioni tena hapa. Umefariki?"

Nilikwenda chumba cha nyuma, nikawasha skrini ya seva yenyewe. Mashine yangu, ile ya kumi na mbili, ilikuwa imeandika kila kitu. Amri moja, dakika moja, mashine zote. Mstari wa kwanza: futa hodi. Wa pili: futa jina langu. Chini yake, jina lako. Nimeugombania sana ule mluzi kichwani mwangu, Festo, maana ni wa kwangu. Niliutoa kinywani kwangu nikakupa, na mtu wa kwanza uliyemfukuza nao ni mimi. Kama ungekuja ukaniambia usoni, "Mtani, nimechukua," ningekutukana, ningedai ng'ombe mmoja, tungekula. Kofia yangu uliichukua nikikutazama. Hiki ulikichukua nimekupa kisogo, nimesimama dukani nakusifia kwa wateja.

Ila ninyi wasomi mna kasoro moja. Uliufunga mlango wa mtandao, ukasahau kuwa seva inalala dukani kwangu. Kibodi iliyochomekwa kwenye seva haikumbuki aliyefukuzwa. Nilikaa mbele yake, na chumba chako kilikuwa pale, cha kwanza kabisa, pamoja na kazi zako zote za chuo na picha za harusi yako. Amri moja tu. Niliiandika mpaka mwisho, Festo. Sikufichi ukweli huo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamsikia Mama Rehema na mwizi wake anayesikiliza kwanza. Nikafuta herufi moja moja mpaka mstari ukawa mtupu.

Nikapanda gari kwenda Madibira. Nilimweleza Mama Rehema kwamba neno langu limevunjwa, sikumficha aliyelivunja. Alisukuma kibodi mbele yangu, akasema, "Irudishe hodi. Karibu." Nikafika Ruaha Mbuyuni. Waliobaki niliwapigia mmoja mmoja. Wote kumi walisema karibu, hodi ikarudi kwao, kwa mikono, chumba kwa chumba kama zamani. Cha kwangu nilijikaribisha mwenyewe, nikajiitikia kwa heshima zote.

Kimebaki chako. Humo ndimo ulimo Mluzi wenyewe, ule mnaotaka kuusambaza. Nataka urudishe hodi humo na jina langu karibu na lako. Sitaki hata liwe la kwanza. Lako liwe la kwanza, umesoma.

Nimekubishia hodi Jumatatu, nikiiandika kwa mkono kutoka kwenye seva hadi kwenye skrini yako. Nikabisha tena Alhamisi. Naona mashine yako inafunguliwa kila siku saa tatu asubuhi, na ile hodi naona unaisogeza pembeni ya skrini ili ufanye kazi zako. Basi barua hii ndiyo hodi ya tatu.

Usipoitikia, sitavunja mlango. Nitakinakili chumba chako chote kwenye diski, hata picha moja haitapungua, nitakutumia Iringa kwa basi, halafu chumba cha kwanza kitakuwa wazi. Mluzi utakwenda nao. Mimi nitajifunza mwingine, midomo bado ninayo. Lakini kofia yangu nirudishie, maana ile uliichukua kwa utani, na utani kati yetu utakuwa umekwisha.

Msalimie mama. Mwambie jogoo wake alikuwa mtamu, na kwamba nikija kwake, bado nitasimama nje ya ua nisubiri aseme karibu.

Hodi.

Mimi mtani wako wa Usangu, niliyeko mlangoni.