Nimeibadilisha Orodha Yetu ya Anime

Mdogo wangu,

Natumai kikohozi kimekuachia na Mama hajaanza tena kukufichia rimoti. Mimi mzima, ila nimeibadilisha orodha yetu ya anime, zile katuni za Kijapani tunazozipenda. Ile anime ya mapanga, niliyokubishia wiki nzima hadi ukaniachia iwe namba moja, nimeiondoa kabisa. Juu nimeweka ile yako ya wapishi. Cheka tu.

Jumanne mchana, nikiwa kwenye zamu yangu ya ulinzi, nilimkamata mtu akitoka ghalani na betri ya lori. Aliiweka chini, akasema, "Kaka, basi, nimekosa." Nikampiga rungu la kichwa, nikaongeza la pili. Kwenye anime ile mtu hupigwa hadi akabomoa ukuta kwa mgongo, kisha huinuka akijifuta damu mdomoni. Nilisimama nikimngoja ainuke. Damu ilimtoka sikioni, mguu mmoja ukachezacheza, halafu ukatulia. Alifia palepale.

Msimamizi wetu ameandika kwenye ripoti kwamba yule mtu alianguka ngazini. "Funga mdomo, mambo yatapoa," akaniambia. Sare yangu nimeifua mara tatu. Kesho asubuhi nakwenda polisi kusema ni mimi.

Mama mwambie wewe, taratibu, akishamaliza kula.

Ni mimi kaka yako