Simu ya Mama Bado Inabisha Hodi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, mimi ni fundi wa programu katika kampuni inayowahifadhia watu picha na nyaraka zao mtandaoni, na bosi wetu ameniagiza hadi Ijumaa hiyo niwe nimefuta msimbo wote wa kizamani, yaani ile sehemu ya programu tuliyoiacha miaka yote ili simu za zamani zisikataliwe, na kusema kweli kazi hiyo naipenda kama kufagia stoo, nimeshafuta mistari elfu nne na hakuna aliyelalamika, ila imebaki mistari thelathini na ndiyo inayoninyima raha, maana juu yake bosi mwenyewe aliandika miaka tisa iliyopita, "Usifute mpaka mama abadilishe simu," nikacheka, nikaangalia kumbukumbu za seva nikijua sitakuta kitu, kumbe kuna simu moja, moja tu, inapita njia hiyo kila siku saa nne asubuhi na kuleta picha moja, na mama yake bosi, mshauri, tulimzika mwaka juzi, nilikuwepo, viti nilipanga mimi, sasa nani anatuma? Wiki ya tatu hii najiuliza, bosi akiulizia kazi namjibu, "Bado kidogo, najaribu," uongo mtupu, na jana nusura nifungue picha moja nichungulie, nikajizuia, lakini nikimwambia ataniona mbea, na nikifuta kimya kimya huenda nikamfungia mtu mlango usoni, nifanyeje?

Fundi Mdadisi

JIBU

Fundi, umeniambukiza. Tangu nisome barua yako nami najiuliza saa nne kuna nini. Labda ni mzee aliyebaki na simu ya mkewe na hataki nyingine. Labda siyo. Kuhusu ile picha, hongera kwa kutoifungua, maana ufunguo ulipewa wa kazi, si wa kuchungulia. Sifa zako zinaishia hapo.

Wiki tatu! Unajua simu inapita saa ngapi, lakini aliyeandika maneno yale yuko chumba cha pili na hujamuuliza. Unaogopa nini, kwamba atalia? Acha alie, ni mama yake. Na hiyo "najaribu" yako ikome leo, kwa sababu siku ukigundulika, hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa na huruma. Watakumbuka uliwadanganya.

Kesho, saa nne kasoro dakika kumi, chukua kompyuta yako, ingia ofisini kwa bosi, funga mlango, umwoneshe maneno aliyoyaandika mwenyewe. Usijieleze sana. Subirini pamoja mpaka simu ipite. Nadhani atajua ni nani kabla yako.

Akishajua, asitume dereva. Aende mwenyewe asubuhi inayofuata na simu mpya, wahamishe picha za zamani zote, kisha akae hapo hapo, azungumze na huyo mtu, mpaka picha ya saa nne ipite njia mpya. Kama Ijumaa haitoshi, bosi ndiye aliyeipanga Ijumaa, ataisogeza. Wewe ukiiona picha imeingia salama, futa ile mistari thelathini siku hiyo hiyo, usibakize hata mmoja.

Na usiniandikie kunieleza alikuwa nani. Natamani mno kujua, ndiyo maana nakukataza.