Viatu Vyako Mlangoni

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za mama, ambaye amekaa hapa pembeni anachambua mchele kwa vidole na kila baada ya dakika mbili ananiuliza nimefika wapi. Kwa jumla tu wazima. Kifua chake kimepoa tangu baridi ilipoisha, ila macho ndiyo yale yale. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, na mtu akisimama mlangoni mama humwona kama kivuli tu. Mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kusimama kutwa kazini. Na wewe je? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Wifi na watoto hawajambo? Tuambie ukweli, si ule wa "tuko poa" unaotutumia kwenye simu.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo: ukiniuliza habari za nyumbani nitasema nzuri hata kama paa limeondoka. Tena jambo lenyewe limenichanganya kiasi kwamba silioni kichwa wala mkia. Mwishoni kuna ombi, na mama anasubiri jibu lake. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa, na usiruke mistari kama kawaida yako.

Hapa mjini siku hizi hakuna gumzo jingine ila wageni. Siyo wageni wa kupiga hodi na kukaribishwa maji. Ni wale wa kulipia siku mbili tatu kwenye nyumba ya mtu. Wanaichagua kwenye simu kama wanavyochagua nguo, halafu wanapewa namba za kufungulia kisanduku cha funguo pale mlangoni. Kwenye ngazi zetu peke yake kuna visanduku vitano. Asubuhi nikishuka napishana na masanduku ya magurudumu yakigonga kila kipandio, na watu wanaonisalimia vizuri sana kwa sababu hawatanijua tena. Basi baraza la jiji likaleta pendekezo la sheria: anayetaka kupangisha kwa siku aiandikishe nyumba, na awe mwenyewe anaishi humo. Kama haishi humo, marufuku.

Kazi yangu unaijua, ni ile ile ya duka la fotokopi. Wanaoitaka sheria waliniletea karatasi yao, ikisema majirani wanafukuzwa na majengo yanageuka stendi. Wiki hiyo hiyo wasioitaka wakaniletea ya kwao, ikisema kuna wajane wanaokula kwa chumba kimoja cha wageni, na serikali isiingie mpaka kitandani kwa mtu. Nikisoma ya kwanza nasema hawa wana haki. Nikisoma ya pili nasema na hawa pia wana haki. Siku moja nilizichanganya, nikawafungashia hawa za wale, na wote wakarudi wamefura. Bosi akaniuliza mimi hasa niko upande gani. Nikamjibu niko upande wa mashine. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Sasa kumbuka Mama Cherehani wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa akikushonea sare za shule na kukuachia pindo refu kwa sababu ulikuwa unarefuka kama umevutwa. Mwenye nyumba wake, ambaye hakanyagi hapa mwaka mzima, amempa notisi ya miezi mitatu. Vyumba vile anavitaka vya wageni. Mama wa watu amekaa mle miaka ishirini na sita, na sakafuni chini ya cherehani pana alama mbili za miguu yake. Alikuja dukani nimwandikie maelezo ya kupeleka barazani. Nililia huku naandika, kaka, nikatia na saini yangu chini kuunga mkono sheria. Halafu nikarudi nyumbani, nikapanda juu kubadilisha mashuka kwenye nyumba yako.

Ndiyo. Umesoma sawasawa.

Uliponiachia ufunguo ulisema nifungue madirisha kila Jumamosi mpaka mwakani utakaporudi. Mwakani yenyewe imefika miaka tisa. Mwaka juzi bomba la jikoni kwako lilipasuka, dari ya mama huku chini ikalowa yote. Sikutaka kukuomba. Kila nikikuomba kitu unatuma, lakini sauti yako inabadilika, na mimi ile sauti siiwezi. Nikapokea mgeni mmoja ili nimlipe fundi, kisha mwingine, kisha nikazoea. Picha zetu nilizifungia kabatini. Sikukuambia, na kila Jumamosi uliponiuliza kama nimefungua madirisha nilijibu nimefungua, na kweli nilikuwa nimefungua.

Fomu ya jiji ilipokuja, ya kujiandikisha mapema kabla sheria haijapita, iliuliza kama mwenye nyumba anaishi humo. Nikaandika anaishi. Nikatia saini yako, ile yenye mkia mrefu, ambayo najua kuiiga tangu siku zile ulipokuwa ukinisainia ripoti za shule ili baba asizione. Akaja afisa kukagua, bwana mmoja tunayemwita Kalamu Tatu kwa sababu ya mfuko wake wa shati. Nilikuwa nimeshaandaa: viatu vyako vya kahawia mlangoni, sweta lako kwenye kiti, mswaki kwenye glasi. Mswaki niliulowesha, kaka. Sijui akili hiyo niliitoa wapi. Kalamu Tatu aliugusa kwa kidole, akaandika. Akasema bado jambo moja tu: mtu wa familia asimame kwenye mkutano wa wakazi athibitishe mbele ya majirani.

Nilichosahau ni kwamba viatu vile havikuonwa na afisa peke yake. Jengo zima linavijua. Kesho yake Mama Cherehani alimpongeza mama kwamba kijana wake amerudi. Mama aliponiuliza, nikajifanya nasikiliza redio. Hakuuliza tena. Nilipokuwa kazini alishika reli akapanda ngazi peke yake, yeye ambaye hata kwenda dukani hushikwa mkono.

Juu kulikuwa na mgeni, mwalimu kutoka mbali aliyekuja kwenye mafunzo ya wiki mbili, asiyejua hata neno moja la lugha yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwelekeza kwamba akibishiwa hodi atabasamu tu. Jioni alinieleza kwa kutafsiriwa na simu: alikuja bibi mmoja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa kwenye kiti chenye sweta, akaongea kwa muda mrefu, akajifuta machozi. Yeye alimpa maji. Aliniuliza kama alikosea. Nilimwambia hapana, nikashuka nikaenda kukaa bafuni.

Tangu siku hiyo mama akawa anaimba jikoni na kuweka sahani ya tatu mezani. Nilikuwa nikifumbua kinywa nimwambie, nikimwona, nakifumba.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa shule. Nilikuwa nimepanga mama abaki nyumbani na mimi nithibitishe mwenyewe. Mama Cherehani akamleta, kwa nia yake njema. Walipoita namba ya nyumba yako, kabla sijanyanyuka, mama alikuwa ameshasimama na fimbo yake. Alisema mwanawe anaishi juu ya kichwa chake, kwamba wiki hii amemshika mkono, na kwamba nyumba ni mtu aliyemo ndani, si ufunguo ulio mlangoni. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Walioitaka sheria walipiga, wasioitaka nao wakapiga, maana kila upande uliona amewasemea wao. Kalamu Tatu akagonga muhuri. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Wiki iliyopita sheria ikapita. Mwenye nyumba wa Mama Cherehani amelazimika kuirudisha notisi mfukoni, kwa sababu yeye haishi pale. Mama wa watu amenikumbatia akisema saini yangu imesaidia. Wakati huo huo mwenye nyumba huyo ameshanusa kitu. Anazunguka akiuliza ni nani hasa aliyekuona kwa macho, na anasema kama viatu vinatosha basi na yeye ataleta vyake. Kalamu Tatu amesema atarudi mwisho wa mwezi ujao, na safari hii anataka sura, si mswaki. Asipokukuta, mwenye nyumba yule atasema wote ni wale wale, na notisi itatoka tena mfukoni. Kwa hiyo sheria niliyoisaini imemwokoa jirani yangu, na uongo niliousaini unaweza kumtoa. Sasa niambie, mimi ni mtu mwema au mtu mbaya? Nimejiuliza mpaka kichwa kinaniuma.

Jana nilishindwa. Nilikaa chini mbele ya mama nikamwambia yote, kuanzia bomba mpaka mwalimu. Sikuthubutu kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nilidhani hakujua. Alisema alijua pale pale mlangoni, alipoushika mkono akatafuta kovu la pasi chini ya kidole gumba, asilikute. Kovu lile ni yeye aliyekuunguza ulipokuwa na miaka minne, na hajalisahau hata siku moja.

Nikamuuliza mbona basi alikaa akaongea naye. Akasema yule kijana alikuwa na mkono mtulivu na hakuonyesha haraka, kwa hiyo alimwambia yote aliyotaka kukuambia wewe miaka hii tisa, na safari hii simu haikukatika. Nikamuuliza mbona basi alisema vile mkutanoni, yeye ambaye alinichapa kwa uongo wa peremende moja. Kisha akaniagiza nichukue kalamu.

Ombi lenyewe ndilo hili, ameniambia nikuandikie neno kwa neno, na nimeandika: yeye hajadanganya. Amesema mwanawe anaishi hapa. Kama ni kweli au si kweli, sasa hilo liko mikononi mwako.

Tusalimie wifi na watoto, na majirani wa huko wanaotuulizia. Mama Cherehani naye anakusalimu. Anadhani uko ghorofa ya juu, anashangaa tu kwamba hushuki. Wageni nimewaondoa wote na picha zetu nimezirudisha ukutani. Viatu vyako nimevipiga rangi, na bado viko pale pale mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba