Mukono wa Katekista

Mujukuu wangu Divine,

Amani kwako huko Kigali. Sisi huku Gisenyi tuko salama. Mama yako mudogo anauza samaki wadogo wa sambaza kwenye soko la Mbugangari, na jioni sauti yake inamutangulia nyumbani.

Umeniuliza: "Koko, ni zambi kutazama ile filamu ya watu wa dini wanaochoma vitabu?" Eti kikundi chenu cha maombi kimeikataza.

Bon. Nikiwa musichana kule Goma, parokia ilituonyesha filamu Jumapili muchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu wakianza kubusiana, katekista aliziba taa ya mashine ya filamu kwa mukono. Tulizoea. Siku moja ilikuwa filamu ya muzee aliyechunguza nyota, na mapadri wakamuhukumu. Hapo katekista akaziba. Ukuta ukawa giza, lakini sauti ya muzee iliendelea kujibu. Tukageuka wote. Mwanga wote ulikuwa umeangukia kiganja cha katekista, naye ameinama, anaitazama filamu humo peke yake.

Akatuona. Polepole akaondoa mukono.

Sala zako usiache, mama. Lakini waulize hao wenzako: nani kati yao ameshaitazama hiyo filamu?

Koko wako