Unga wa Siku ya Pili ya Mfungo

Kikula, Jumatano jioni

Siku tatu bila kula, kuanzia Jumanne! Jumapili pasta alitangaza kwa sauti kubwa, kana kwamba anatuletea jambo jipya. Tangu kiwanda kisimame tunakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hiyo moja ni chai kavu. Nilisema amina pamoja na wengine. Haikunigharimu kitu.

Leo, siku ya pili, jirani yetu Mama Zaituni akaleta bakuli la unga na samaki wakavu. Mumewe, dereva, amerudi safari. Miezi yote hii naomba chakula, na Mungu anakileta katikati ya mfungo!

"Siku tatu?" Mama Zaituni alicheka nilipomweleza. "Siye Waislamu, jua likizama tunakula."

Nilimwuliza mke wangu kama ni dhambi. Hakugeuka, alikuwa ameshaanza kusonga bukari, ugali wetu.

"Hii bunga ya Mama Zaituni, ni Mungu ndjo alileta," alisema. "Pasta alileta njala tu, na njala tulikuwa nayo."

Tonge la kwanza lilikuwa bado mkononi pasta alipobisha hodi. Alikuja kututia moyo. Akaitazama sahani. Nikaona jinsi koti lake linavyomning'inia mabegani. Jumapili, nyuma ya ile sauti, sikuliona.

"Papa Kalenga," akasema polepole, "mama anaweza kunipa mayi ya kunawa?"

Akaomba kabla ya kula. Sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, na ya kwanza niliyoiamini.