Vitamini za Mzee Msengi

Shelui, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na Baba amemaliza kuezeka jiko? Mimi mzima, na shule inaenda. Vituko viko hapa nilipopanga.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Msengi, ni dereva mstaafu wa malori, miaka sabini na kitu. Alinunua vidonge vya vitamini kwa mchuuzi mwenye spika pale malori yanapoegeshwa, akaambiwa anayevimeza hashikwi na mafua. Mama, aliviamini kuliko leseni yake. Mkojo ulipogeuka njano, alitutangazia wapangaji wote kwamba nguvu imeanza kufanya kazi. Mafua makali yalipoingia, wazee wenzake walijifungia ndani. Yeye akazunguka kuwapa pole wagonjwa, akiwashika mikono mmoja mmoja na kuwacheka.

Haikupita wiki akaanza chafya. Akasema ni vumbi la alizeti. Homa ilipopanda, akasema ni jua. Mkewe, ambaye sote tunamwita Bibi, alimsihi aende kituo cha afya, akagoma, maana angewaambia nini aliowacheka? Siku ya nne alikuwa anahema, hamalizi hata sentensi. Hapo niliogopa kweli. Nikaita bajaji bila kumuuliza, nikamshika mkono, akanifuata.

Aliwekewa oksijeni siku mbili. Daktari akamweleza taratibu kwamba vitamini humfaa aliyepungukiwa, ila hazimkingi mtu na virusi vya mafua, na mtu wa umri wake akibanwa kifua asisubiri.

Mzee akamgeukia mkewe. "Mbona wewe hukuugua? Vile vidonge nilivyokugawia si ulikuwa unameza?"

Bibi akatazama chini. "Nilikuwa nawapa kuku."

Mzee akauliza. "Na wao hawakuugua?"

"Wamekufa wawili. Mafua."

Mzee alicheka mpaka nesi akaja kutugombeza. Sasa yuko nyumbani, anakunywa uji, na hataki kusikia habari za kuku.

Mama, Dada amenipigia. Anasema una kikohozi wiki ya tatu, umenunua kopo la vidonge na zahanati hutaki. Vidonge meza ukipenda, lakini kesho nenda ukapimwe. Usipokwenda, Jumamosi nitakuwa hapo mlangoni, na nitakupeleka huku nalia njia nzima, majirani waone.

Nisalimie Baba, Shangazi mshona nguo, na Mjomba wa mashine ya kusaga.

Ni mimi binti yako, ambaye bado anakuhitaji sana,
Rehema